Je, Wajua? Miaka Mitatu, na Masomo ni Lazima

Je, wajua kwamba nchini Ufaransa mtoto wa miaka mitatu analazimika kisheria kuanza masomo? Sheria ilipitishwa Julai 2019 ikaanza kutumika Septemba mwaka huohuo. Kabla ya hapo, umri wa lazima ulikuwa miaka sita.

Je, wajua kwamba hiyo sita ilidumu miaka 137? Iliwekwa na sheria ya Jules Ferry ya tarehe 28 Machi 1882, iliyomtaka kila mtoto asome tangu miaka 6 hadi 13. Umri wa kumaliza ulipandishwa baadaye, 14 mwaka 1936, kisha 16 mwaka 1959. Umri wa kuanza haukuguswa.

Na kilicholazimishwa mwaka 1882 ni masomo, si shule. Mzazi aliweza kumfundisha mwanawe nyumbani kwa kutoa taarifa tu. Tangu Septemba 2022 lazima aombe kibali, hata kwa mtoto wa miaka mitatu.

Je, wajua kwamba watoto walioguswa na sheria ya 2019 ni wachache? Rais Emmanuel Macron alipotangaza mpango huo Machi 2018, takriban asilimia 97 ya watoto wa umri huo walikuwa tayari chekechea kwa hiari ya wazazi wao. Serikali ilikadiria kuwa wangeongezeka watoto wapatao 26,000. Kelele zilitoka wapi, basi? Kwenye pesa. Chekechea ikiwa ya lazima, halmashauri za miji zinawajibika kuchangia gharama za chekechea binafsi zenye mkataba na serikali, nyingi zikiwa za Kikatoliki. Wapinzani walisema fedha ya umma inahamishwa kimyakimya.

Kinachohesabiwa ni mwaka wa kuzaliwa, si siku. Mtoto aliyezaliwa Desemba anaingia darasani Septemba akiwa bado hajatimiza mitatu. Angalau sheria imemwachia mzazi nafasi ya kuomba mtoto wa mwaka wa kwanza abaki nyumbani saa za mchana. Ni nafasi njema, kwani mtoto wa umri huo anahitaji usingizi wa mchana kama anavyohitaji uji wa asubuhi.

Je, wajua chekechea za Ufaransa zilitokana na nini? Karne ya 19 palikuwa na nyumba za kuwahifadhi watoto wa vibarua wakati mama zao wako kazini. Watoto wengi mno walipangwa kwenye mabenchi ya ngazi, wakaamrishwa kusimama na kuketi kwa filimbi na kwa mlio wa vipande vya mbao. Mwaka 1881 nyumba hizo zikageuzwa kuwa chekechea za umma, na mwanamke aliyepigania utu wa watoto ndani yake ni Pauline Kergomard, mkaguzi mkuu hadi 1917. Alishikilia kwamba mtoto mdogo hujifunza kwa kucheza, na kwamba kumkalisha kutwa akikariri ni kumdhulumu. Hoja yake haijachakaa. Wapo wanaoamini leo kwamba kumwahisha mtoto shule ni kumwahishia mtihani, na wanawaumiza watoto.

Kila darasa la chekechea Ufaransa linapaswa kuwa na msaidizi, mwajiriwa wa mji, anayemsaidia mwalimu kuwapeleka watoto msalani, kuwavisha makoti na kuwalaza. Bila mtu huyo sheria ya miaka mitatu isingetekelezeka hata wiki moja.

Je, wajua kwamba sheria hiyohiyo inatumika jirani yetu kabisa? Kisiwa cha Mayotte, ambacho wenyeji hukiita Maore, kimo katika funguvisiwa la Komoro na ni mkoa kamili wa Ufaransa tangu 2011. Huko watu huzungumza Shimaore, ndugu wa karibu wa Kiswahili, na Kibushi, chenye asili ya Madagaska. Watoto wengi husikia Kifaransa kwa mara ya kwanza shuleni, baada ya kuanza chuo cha Kurani. Madarasa hayatoshi, hivyo shule nyingi huenda kwa zamu, kundi moja asubuhi na jingine mchana. Kama ipo sehemu iliyohitaji walimu na majengo kabla ya sheria, ni hii. Serikali inayomlazimisha mzazi kumleta mtoto imejilazimisha yenyewe kumpa kiti, mwalimu na lugha anayoielewa.

Watetezi wa kuanza mapema hupenda kutaja utafiti wa chekechea ya Perry mjini Ypsilanti, Michigan, Marekani, ulioanza 1962 ukawafuatilia watoto 123 wa familia maskini kwa miongo kadhaa. Waliopata chekechea walifanikiwa zaidi ukubwani. Ni kweli, lakini walisoma saa mbili na nusu tu kwa siku, mwalimu mmoja kwa watoto sita hivi, naye akiwatembelea nyumbani kila wiki.

Hungaria ilishusha umri wa lazima hadi miaka mitatu mwaka 2015. Finland inasubiri hadi saba, baada ya mwaka mmoja wa lazima wa maandalizi.

Na Ireland ya Kaskazini? Aliyetimiza miaka minne kufikia tarehe 1 Julai huanza shule ya msingi yenyewe Septemba hiyo. Sheria ya 2022 sasa inawaruhusu wazazi wa waliozaliwa kati ya tarehe 1 Aprili na 1 Julai kuomba mtoto asubiri mwaka mmoja zaidi.