Kutumaini si Kutarajia

Wapo wahubiri wengi ambao huyatumia maneno "taraja" na "tumaini" kana kwamba ni mamoja, na kosa hilo, kwa maoni yangu, si la lugha pekee. Yote mawili asili yake ni Kiarabu, ila mashina yake ni mbalimbali. La kwanza ni la kungojea jambo lije. La pili latokana na shina lenye maana ya kutulia, lile lile lililozaa "tumanina", neno ambalo mtoto aliyepitia chuoni mtaani Majengo, Mombasa, hufunzwa mapema: utulivu wa viungo katika rukuu na sujudu kabla ya kuingia kitendo kingine. Anayedonoa sala kama kuku huambiwa airudie.

Isitoshe, matumizi yetu ya kila siku yashuhudia tofauti hiyo. Anayesema "namtarajia mgeni" hutazama njiani. Anayesema "namtumainia ndugu yangu" aweza kulala usingizi.

Mkristo wa pwani basi amelipokea neno hili kutoka kwa jirani yake Mwislamu, wala si ajabu. Mmishenari Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 na kuanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo, kadhi wa mji alimsaidia. Mwezi wa Julai mwaka uo huo Krapf alimzika mkewe, Rosina, pamoja na kitoto chao kichanga. Aliendelea na kazi. Kama alikuwa akitarajia tu, alikuwa na kila sababu ya kupanda jahazi na kurudi kwao.

Oktoba 2013, kufuatia kuuawa kwa Sheikh Ibrahim Omar, ghasia zilizuka na kanisa la Jeshi la Wokovu la Majengo likachomwa moto. Najiuliza, mchungaji awaambie nini waumini ambao viti vyao vimekuwa majivu? Aliyewalea kwa ahadi za gari, kazi na ushindi juu ya maadui hana la kusema siku hiyo. Paulo, katika sura ya 5 ya Waraka kwa Warumi, aliyapanga mambo kinyume kabisa: dhiki yatangulia, saburi yafuata, na tumaini ndilo la mwisho. Kumbe tumaini ni tunda la kukua kiroho! Sisi tumeligeuza kuwa chambo cha kuwavutia watu mlangoni.

Wanafunzi wetu nao huathirika. Huombewa kwa kishindo kabla ya mtihani; matokeo yakiwa mabaya, wengine huacha kanisa na kuacha masomo pia, kwa kuwa hawakufunzwa kutulia katika sala wala mbele ya kitabu.

Katika shule nyingi za Mombasa mwalimu wa Dini ya Kikristo na yule wa Dini ya Kiislamu hutumia chumba kimoja cha walimu. Laiti wa kwanza angemwomba mwenzake, chai ikiwa mezani, amfafanulie tumanina, kisha akaingie darasani na somo lake la tumaini.