Sisimizi wa jangwani wawafunza wataalamu wa setilaiti

UKIWA katikati ya bahari usiku, injini imezima na maji yanaingia chomboni, utamwelekezaje mtu mahali ulipo? Hakuna mti, hakuna duka, hakuna kona ya barabara. Maji ni yale yale kila upande.

Ndiyo maana mabaharia wengi siku hizi husafiri na kijisanduku cha dharura kinachotoshea mkononi. Ukikibonyeza, hutoa mawimbi ya redio ambayo hunaswa na setilaiti huko juu, setilaiti nayo huyashusha hadi kituo cha nchi kavu, na waokoaji wakaelezwa pa kukutafuta.

Mpango huo uitwao Cospas-Sarsat ulianzishwa mwaka 1979 na Marekani, Kanada, Ufaransa na Muungano wa Kisovieti. Naam, Wamarekani na Wasovieti kwa pamoja, katika siku zile ambazo walikuwa wakitishana kwa mabomu ya nyuklia! Setilaiti ya kwanza ilirushwa na Wasovieti mwezi Juni 1982. Septemba mwaka huo huo ndege ndogo ikaanguka British Columbia, Kanada, ikiwa na watu watatu. Kilio chao kilisikiwa na setilaiti ya Wasovieti, na wote watatu wakaokolewa wangali hai. Tangu wakati huo makumi ya maelfu ya watu wameokolewa kwa njia hiyo.

Hata hivyo, kwa miaka mingi palikuwa na jambo moja la kutesa. Aliyebonyeza kifaa hakuwa na njia ya kujua kama amesikika. Angeweza kuelea usiku kucha akidhani amesahauliwa, kumbe meli iko njiani. Mnamo Januari 2020 setilaiti za Galileo, ambazo ni za nchi za Ulaya, zilianza kujibu. Mwenye kifaa kinachoweza kupokea jibu hilo huona ishara ya kumjulisha kwamba kilio chake kimepokewa. Ni jambo dogo kwa aliye sebuleni, lakini anayemshikilia mtoto juu ya ubao wa mashua iliyovunjika hatalionea udogo.

Lakini mahali penyewe hujulikanaje? Watu wengi hudhani kwamba setilaiti inawatazama kutoka juu. La hasha. Setilaiti za GPS, ambazo ni za Marekani na zimo umbali wa kilomita 20,000 hivi kutoka ardhini, hazijui kama upo. Kila moja ina saa za ajabu zisizopoteza majira, na kazi yake ni kutangaza wakati na mahali ilipo. Kifaa chako husikiliza angalau nne kati yake, kikapima jinsi kila tangazo lilivyochelewa njiani, kisha kikapiga hesabu. Saa ikikosea kwa sehemu moja tu ya milioni ya sekunde, utaambiwa uko mita 300 kutoka pale uliposimama.

Hapo ndipo penye udhaifu pia. Mawimbi hayo hufika ardhini yakiwa hafifu mno, na yeyote mwenye kijimtambo cha kelele anaweza kuyazima. Mnamo 2012 dereva mmoja huko New Jersey, Marekani, alipatikana na mtambo kama huo garini, ameuweka ili mwajiri wake asijue gari linakozurura. Kumbe kila akipita karibu na uwanja wa ndege wa Newark alikuwa akivuruga mitambo ya kuongozea ndege! Alitozwa faini ya karibu dola 32,000. Si yeye tu. Mnamo Aprili 2024 kampuni ya ndege ya Finnair ilisimamisha kwa mwezi mzima safari zake za Tartu, Estonia, kwa sababu mawimbi ya GPS yalikuwa yakivurugwa.

Je, kukiwa kimya huko juu, chombo kitajiongoza vipi? Wataalamu wameanza kuwatazama wale ambao hawajawahi kuwa na setilaiti.

Katika jangwa la Tunisia kuna sisimizi anayetoka shimoni mwake mchana, jua likichoma, akazungukazunguka kutafuta mzoga wa mdudu. Akishaupata, hurudi shimoni kwa mstari ulionyooka kama uzi. Dira yake ni anga. Mwanga wa jua ukipita hewani hujipanga kwa namna ambayo macho yetu hayaioni, ila yake huiona. Na umbali je? Huhesabu hatua! Mwaka 2006 watafiti walitoa taarifa ya kuwatega sisimizi hao wakiwa na chakula mita 10 kutoka shimoni, wakawagandishia miguuni nywele ngumu za nguruwe ili wawe na miguu mirefu. Walipoachiliwa walilipita shimo, wakaenda mita 15 hivi ndipo wakaanza kulitafuta. Waliofupishwa miguu walisimama kabla ya kufika.

Kwa kuiga hayo, watafiti wa Marseille, Ufaransa, waliunda roboti ya miguu sita iitwayo AntBot, wakaitangaza mwaka 2019. Haina GPS. Ilitembezwa mita 14 kwa mizunguko, kisha ikarudi ilikotoka ikikosea kwa sentimita chache tu. Simu ya kawaida hukosea kwa mita kadhaa.

Mita 14 si safari ya baharini, na roboti hiyo huhitaji mwanga wa mchana. Kwa usiku, wataalamu wamemgeukia dundu wa Afrika Kusini, yule anayebingirisha donge la mavi. Lazima aende moja kwa moja, la sivyo wenzake watamnyang'anya. Mwaka 2013 ilithibitishwa kwamba hufuata ule ukanda mweupe wa nyota angani; alipovishwa kijikofia cha karatasi ngumu alipotea njia. Mnamo 2024 watafiti wa Australia walieleza mfumo wa kompyuta wa kuutambua ukanda huo hata picha inapovurugika kwa sababu chombo kinayumba.