Je, Wajua? Kisiwa, Ufuo na Zabibu: Safari ya Siku Moja Kutoka Katelembo

Mkazi wa Katelembo, Machakos, akisikia habari za kisiwa huwaza Mombasa, na akisikia za mizabibu huwaza nchi za ng'ambo. Ukweli ni kwamba kisiwa na zabibu viko Naivasha, karibu naye kuliko anavyodhani. Unaweza kutoka nyumbani alfajiri, ukatembea kisiwani, ukapita penye mizabibu, na usiku huohuo ukalala kitandani mwako. Ufuo wa bahari ndio unaodai siku zaidi. Kwa safari zote hizi kanuni ni moja: panga kwanza saa ya kurudi, kisha ndiyo upange saa ya kuondoka.

KABLA YA KUTOKA NYUMBANI

• Je, wajua kwamba urefu wa mchana wa Machakos haubadiliki sana mwaka mzima? Tuko takriban digrii moja na nusu tu kusini mwa ikweta. Iwe Januari au Julai, jua huchomoza baada ya saa kumi na mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa moja jioni. Una mwanga wa saa kumi na mbili hivi. Ukitoa saa saba za njia ya Naivasha, kwenda na kurudi, zimebaki tano. Ndiyo maana msafiri wa siku moja huondoka kungali giza.

• Je, wajua kwamba mwezi wa Agosti unafaa zaidi kuliko Novemba? Katika Ukambani mvua za vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, ndizo wakulima wengi huzitegemea kuliko masika. Novemba watu wako shambani na njia za udongo ni tope. Agosti shule zimefungwa na ardhi ni kavu.

• Je, wajua kwamba matatu hairuhusiwi kupita kilomita 80 kwa saa? Kanuni zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004, ambazo wengi huziita sheria za Michuki, ziliweka vidhibiti mwendo na mikanda katika magari ya abiria. Katelembo hadi Naivasha ni takriban kilomita 160. Kwa hesabu ya karatasi hizo ni saa mbili. Kwa hesabu ya barabara, pamoja na msongamano wa Nairobi na malori ya masafa marefu, weka tatu na nusu.

BARABARANI

• Je, wajua kwamba reli ndiyo iliyoinyima Machakos ukubwa wake? Mji huu ulikuwa makao ya utawala wa Waingereza bara kabla Nairobi haijawa mji. Reli ikapita mbali nao, ikafika Nairobi mwaka 1899, na ofisi zikahama. Hadi leo, anayetaka treni ya SGR kutoka Machakos hushuka hadi Athi River kuipanda.

• Je, wajua kwamba barabara ya juu ya Nairobi ina urefu wa kilomita 27? Inaanzia Mlolongo na kuishia Westlands, na ilifunguliwa kwa umma mwaka 2022. Kwa gari linalotoka Machakos kwenda Naivasha, ada yake hununua muda ambao ungepotelea katikati ya jiji. Bodaboda hawaruhusiwi kuipanda.

• Je, wajua kuhusu kanisa dogo lililo ukingoni mwa Bonde la Ufa, kwenye barabara ya Mai Mahiu? Lilijengwa mwaka 1942 na wafungwa wa vita Waitaliano waliokuwa wakichonga barabara hiyo kwenye mteremko. Ni mahali pazuri pa kunyoosha miguu. Bebeni masweta pia: barabara hupita mahali palipo juu zaidi ya mita 2,000, na baridi ya alfajiri pale haimwonei huruma mtoto.

KISIWA CHENYE TWIGA

• Je, wajua kwamba Kisiwa cha Crescent katika Ziwa Naivasha ni ukingo wa kreta ya volkano ya kale? Sehemu ya ukingo huo imesimama juu ya maji kwa umbo la mwezi mwandamo. Ndani ya kreta hiyo ndimo ziwa lilimo na kina kirefu zaidi.

• Je, wajua kwamba maji yakipungua sana, kisiwa hicho hugeuka rasi na mtu huweza kukifikia kwa nchi kavu? Maji yakijaa, ni mashua tu. Mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi likaingia katika makazi ya Kihoto mjini Naivasha. Kwa hiyo mpigie simu mwenye mashua siku moja kabla ya safari, umuulize gati gani inatumika na maji yamefika wapi.

• Je, wajua kwamba kisiwani humo unatembea kwa miguu kati ya twiga, pundamilia na nyumbu? Hakuna simba wala chui wanaoishi humo. Kutembea hivyo ni jambo ambalo mbuga nyingi za Kenya haziruhusu. Kwa mtoto aliyezoea kuona wanyama kwenye vitabu vya shule, hakuna somo la sayansi linalolingana na kusimama hatua chache kutoka kwa twiga, hakuna kioo cha gari kati yao. Mtulize tu asimkimbilie.

• Je, wajua kwamba Naivasha ni ziwa la maji matamu ingawa halina mto unaotoka? Maziwa jirani ya Bonde la Ufa kama Elmenteita na Nakuru yana magadi. Naivasha hupata maji ya mito kutoka nyanda za juu, hasa Malewa, na sehemu ya maji yake hupenya chini ya ardhi yakibeba chumvi. Mwaka 1995 lilitambuliwa kimataifa kama ardhioevu chini ya Mkataba wa Ramsar.

• Je, wajua kwamba hatari ya ziwa hilo ni kiboko? Hapa hakuna ufuo wa kuogelea. Usimruhusu mtoto kukanyaga maji, usikae kwenye nyasi za ukingoni jioni, na usipande mashua kabla kila mtu hajavaa jaketi okozi na kulifunga. Nahodha akisema jaketi hazitoshi, subirini mashua nyingine.

• Je, wajua kwamba asubuhi ndiyo saa ya mashua? Upepo wa Naivasha huamka mchana, na ziwa lililokuwa limetulia saa tatu asubuhi huweza kuwa na mawimbi makali saa tisa alasiri. Kisiwa kiwe cha kwanza kwenye ratiba, mizabibu ifuate.

ZABIBU CHINI YA IKWETA

• Je, wajua kwamba divai ya Kenya iitwayo Leleshwa hutoka Naivasha? Zabibu zake hulimwa Morendat, na jina lake ni la kichaka kinachostawi sana katika Bonde la Ufa. Shamba la mizabibu si bustani ya umma: piga simu mapema, omba siku na saa, na useme mko wangapi.

• Je, wajua kwamba urefu kutoka usawa wa bahari ndio unaoiwezesha mizabibu kuvumilia ikweta? Naivasha iko zaidi ya mita 1,880 juu. Mchana jua huivisha matunda, usiku baridi huzuia ukali wa zabibu usipotee. Divai bila ukali huo ni sharubati tu.

• Je, wajua kwamba mzabibu wa kwetu hauna msimu wa kulala? Ulaya, baridi kali huupukutisha majani, ukapumzika hadi machipuko. Huku mkulima ndiye anayeuamrisha kwa makasi. Akipogoa matawi, mti huchipua, huchanua, na miezi michache baadaye huvunwa. Dodoma nchini Tanzania wakulima huvuna mara mbili kwa mwaka kwa njia hiyo. Zabibu zilifikishwa huko na wamisionari Waitaliano wa Bihawana miaka ya 1950, na leo Dodoma ndiyo jina la kwanza la zabibu Afrika Mashariki.

• Je, wajua kwamba mizabibu imepandwa hata ndani ya Kaunti ya Machakos? Kampuni ya KWAL, iliyoanzishwa mwaka 1969, ilipanda Yatta na kutoa divai yenye jina hilohilo. Yatta tunaijua kwa ukame, na pia kwa mfereji uliochimbwa miaka ya 1950 kwa jasho la wafungwa wa vita vya uhuru, unaoleta maji kutoka Mto Thika. Anayesema ardhi ya Ukambani haiwezi ila mahindi na kunde hajaitazama vizuri.

• Je, wajua kwamba kisheria pombe haiuzwi kwa aliye chini ya umri wa miaka 18? Watoto wapewe zabibu zenyewe na sharubati. Naye dereva asionje hata kikombe. Mteueni kabla ya kuondoka, na mmlipie chakula chake kwa heshima hiyo.

• Je, wajua kwamba duniani kuna visiwa vyenye ufuo na mizabibu pamoja? Waiheke, New Zealand, iko takriban dakika 40 kwa feri kutoka jiji la Auckland, na watu huenda na kurudi siku hiyohiyo. Huko Lanzarote, kisiwa cha Uhispania, sehemu ya ardhi ilifunikwa na majivu ya volkano kati ya 1730 na 1736. Wakulima wakachimba mashimo majivuni, wakapanda mzabibu mmoja mmoja, na majivu yakawa yanatunza unyevu. Katika Bahari yetu ya Hindi, kisiwa cha Réunion hulima zabibu milimani huko Cilaos.

UKITAKA UFUO WA KWELI

• Je, wajua kwamba siku moja haitoshi kwenda Mombasa na kurudi? Kutoka Machakos ni zaidi ya kilomita 400. Treni ya Madaraka, ile ya SGR iliyoanza mwaka 2017, ina safari ya asubuhi inayosimama Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei na Voi, na hufika Mombasa mchana. Tiketi huwekwa kwa kupiga *639#. Panga Ijumaa hadi Jumapili, na siku moja kamili, Jumamosi, iwe ya kisiwa.

• Je, wajua kuhusu Wasini? Ni kisiwa mkabala na Shimoni, Kwale, na hakina magari. Akina mama wa kijiji wamejenga njia ya mbao juu ya mikoko na bustani ya matumbawe ya kale, na kiingilio chake huwasaidia wenyewe. Lipa bila kubishana.

• Je, wajua kwamba Wasini si mahali pa kubebea divai? Ni kijiji cha Waislamu. Vaa nguo za kusitiri unapopita mitaani, omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na salimia wazee kwanza. Hapa zabibu na kisiwa haviendi pamoja, na hakuna hasara: samaki wa nazi anatosha.

• Je, wajua kwamba bahari ina ratiba yake? Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Katikati huja maji mafu. Maji yakipwa, katika hifadhi ya Kisite fungu la mchanga hujitokeza katikati ya bahari, yakijaa, halipo. Muulize nahodha saa ya kupwa kabla hujalipia mashua.

• Je, wajua kwamba upepo nao una majira? Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, bahari ikatulia na maji yakawa angavu kwa kutazama samaki. Kusi huvuma katikati ya mwaka na huleta mawimbi makubwa. Kwa hiyo likizo ya Agosti ni ya Naivasha, na ya Desemba ni ya Wasini.

MFUKONI NA KIONDONI

• Je, wajua kwamba tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga, misitu na fuo za hifadhi nchini Kenya? Chupa ya maji ya dukani itakugharimu. Beba chupa ya kudumu, na chakula kiingie kwenye kiondo. Mama zetu wa Ukambani walilimaliza tatizo hili kabla ya sheria.

• Je, wajua kwamba katika hifadhi za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori pesa taslimu hazipokelewi? Malipo hufanywa kupitia eCitizen. Lipia nyumbani, palipo na mtandao mzuri, na uhifadhi risiti kwenye simu.

• Je, wajua kwamba Katelembo inajulikana mbali kwa ushirika wa ardhi wa Katelembo Athiani Muputi? Watu waliojua kuchanga kwa ajili ya shamba hawashindwi kuchanga kwa ajili ya safari. Chama cha watu 14 hujaza matatu moja, na nauli ya gari zima ikigawanywa, mzigo huwa mwepesi. Anzeni kuchanga miezi minne mapema, kidogo kila mkutano, na mzee mmoja wa kila nyumba asilipe.

RATIBA YA NAIVASHA

Saa kumi na moja alfajiri: gari linaondoka Katelembo, si abiria wanaanza kukusanyika.
Saa mbili na nusu: chai na mayai ya kuchemsha, Naivasha.
Saa tatu: mashua, kisha matembezi kisiwani.
Saa sita: chakula cha mchana, nchi kavu.
Saa saba: mizabibu, kwa miadi.
Saa tisa kasoro robo: kila mtu garini, kichwa kwa kichwa mmehesabiwa. Saa hii ilindwe kuliko zote. Anayeomba dakika kumi zaidi anaomba saa nzima ya giza barabarani, na watoto ndio wanaoilipa. Aliyepewa kazi ya kutunza saa apewe pia mamlaka ya kusema hapana.