Mvua Nyingi, Maji Haba: Kisa cha Uwanda wa Makonde

Mgeni afikapo Newala hushangaa kuelezwa kwamba tangu zamani shida kubwa ya wenyeji ni maji. Mvua hunyesha huko tangu Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na katika mwaka wa kawaida hufikia kiasi cha milimita 900, yaani nyingi kuliko ile ya Dodoma. Basi maji hayo huenda wapi?

Jibu limo ardhini. Uwanda wa Makonde umefunikwa na tabaka nene za mchanga na mawe ya mchanga. Mvua hupenya upesi, haituami wala haifanyi mito juu ya uwanda. Maji hushuka kina kirefu, kisha hutokeza katika chemchemi na mabonde ya pembezoni. Kwa sababu hiyo wanawake wa Newala walilazimika kuteremka ukingo wa uwanda kuteka maji na kupanda tena na mzigo kichwani. Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani wa mila na desturi, aliyefika Newala mwaka 1906, aliieleza adha hiyo katika maandishi yake.

Masasi, iliyo chini ya uwanda upande wa magharibi, ina ardhi ya namna nyingine. Huko kuna miamba ya kale na vilima vya mawe, na mabondeni maji hupatikana mahali pengi kwa visima vifupi. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua ni msaada wa aina gani utakaofaa.

Mwaka 1971 Serikali ilianza mpango wa miaka 20 wa kuwapatia wananchi wa vijijini maji. Finland ilisaidia kazi hiyo katika mikoa ya Mtwara na Lindi tangu miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Katika nchi ya chini, kisima kifupi chenye pampu ya mkono kilitosha, na kijiji kiliweza kukitunza. Juu ya uwanda haikuwezekana hivyo. Mradi wa maji wa Makonde, ulioanzishwa miaka ya 1950, hauna budi kuyasukuma maji kwa mitambo kutoka mabondeni, kama vile Mitema, hadi juu.

Mwanafunzi aweza kukokotoa gharama yake. Chukulia kwamba maji yanapandishwa meta 300. Meta moja ya ujazo ina uzito wa kilo 1,000; hivyo nishati inayohitajika ni 1,000 × 9.8 × 300, yaani jouli 2,940,000, au kilowati-saa 0.82. Ikiwa nusu ya nishati hupotea katika mashine na mabomba, zitahitajika kilowati-saa 1.6 hivi. Kijiji cha watu 3,000, kila mmoja akipata lita 20, kitatumia karibu kilowati-saa 100 kila siku.

Hapo ndipo misaada mingi hukwama. Mfadhili hununua mashine na mabomba mara moja, lakini mvutano wa dunia hudai malipo yake kila siku. Dizeli au umeme ukikosekana, au kipuri kisipopatikana, bomba hukauka na mama hurudi bondeni na ndoo yake. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliwataka watumiaji wa vijijini wachangie gharama za uendeshaji. Lakini mkulima wa korosho hupata fedha kwa msimu, ilhali pampu hudai mafuta mwaka mzima.

Njia moja ya kupunguza mzigo huo ni kuyakinga maji kabla hayajapenya mchangani. Paa la bati la meta 40 za mraba, kwa mvua ya milimita 900, likikinga asilimia 80, hutoa lita 28,800. Familia ya watu 6, kwa lita 120 kwa siku, yaweza kuzitumia siku 240. Gharama kubwa ni tangi, lakini maji hayo hayahitaji kupandishwa mlima.

Shule zaweza kuanza kwa kupima mapaa yake na mvua inyeshayo. Kabla ya kuomba msaada wowote, jamii yapasa kujua maji yake yako kina gani, yatapandishwa kwa nishati ipi, na nani atailipia.