Mwandiko wa Mashine na Swali la Mtunzi: Maelezo kwa Mwalimu wa Fasihi

Utangulizi

Makala hii inanuia kueleza jinsi kinavyoundwa chombo cha mtandaoni kinachogeuza matini iliyopigwa chapa kuwa mwandiko unaofanana na wa mkono wa binadamu. Aidha, inakusudia kuonyesha kwa nini maelezo hayo yanamhusu mwalimu wa fasihi. Walimu wengi huishuku kazi ya ziada iliyopigwa chapa na kuiamini iliyoandikwa kwa mkono. Imani hiyo inahitaji kuchunguzwa upya, kwani leo mwanafunzi anaweza kupata kurasa za "mwandiko" bila kushika kalamu. Swali la msingi ni hili: mwandiko unathibitisha nini kuhusu mtunzi?

Njia ya kwanza: fonti

Njia rahisi ni kuchora kila herufi kwa mkono, kuipiga picha na kuiingiza katika fonti. Mtumiaji anapopiga chapa, tarakilishi huzipanga picha hizo. Udhaifu wake hudhihirika haraka. Chukua neno "atakapokatakata". Lina irabu "a" mara saba, na katika fonti ya kawaida zote saba hulingana kabisa. Hakuna mkono wa binadamu unaoandika hivyo. Waundaji huipunguza kasoro hii kwa kuipa kila herufi maumbo kadhaa yanayopokezana, kuyumbisha mstari kidogo na kubadilisha nafasi baina ya maneno. Hata hivyo, msomaji makini bado huweza kugundua maumbo yanayojirudia.

Njia ya pili: kujifunza mwendo wa kalamu

Mnamo 2013, Alex Graves wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, alieleza njia tofauti. Alitumia mtandao neva, yaani programu inayojifunza kutokana na mifano badala ya kupewa kanuni. Mifano yake ilitoka katika hazina ya maandishi ya Kiingereza iliyokusanywa katika Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi, kutoka kwa waandishi 221. Waliandika ubaoni, na kifaa maalumu kikanasa mahali ncha ya kalamu ilipopita.

Hapa ndipo tofauti ilipo. Programu hii haijifunzi picha ya herufi bali mwendo wa kalamu. Katika kila hatua hukadiria mambo matatu: kalamu isogee kiasi gani kando, isogee kiasi gani juu au chini, na je, iinuliwe? Haitoi jibu moja, bali hupima uwezekano wa majibu mengi, kisha huteua mojawapo kwa bahati nasibu. Kwa sababu hiyo, neno lile lile likiandikwa mara mbili hutofautiana. Sehemu nyingine ya programu hufuatilia matini herufi kwa herufi ili kalamu ijue imefika wapi. Mtumiaji akipunguza nafasi ya bahati nasibu, hati huwa nadhifu. Akiiongeza, huwa ya ovyo. Programu ikitangulizwa sampuli ya mwandiko wa mtu, huendelea kwa mtindo wake. Katika wavuti, matini hutumwa kwa programu, programu hurudisha orodha ya nukta, na nukta hizo huunganishwa kuwa mistari kwenye skrini.

Kwa Kiswahili, kazi ya ziada inahitajika. Mfuatano kama "mbw" au "ng'o" ni adimu katika Kiingereza, hivyo muundaji anapaswa kukusanya sampuli za Kiswahili zenye silabi zetu zote. Kwa hati ya Kiarabu, iliyotumiwa kuandikia tenzi za kale, kazi ni kubwa zaidi: maandishi huenda kutoka kulia, na herufi nyingi hubadilika umbo kulingana na nafasi yake katika neno.

Mwandiko katika uhakiki

Historia ya fasihi yetu inatufunza kutenganisha mkono na mtunzi. Muyaka bin Haji alifariki takriban mwaka 1840. Mashairi yake yalikusanywa baadaye katika karne hiyo na Mwalimu Sikujua pamoja na mmishonari W. E. Taylor huko Mombasa. Kwa hiyo, mwandiko wa miswada hiyo si wa Muyaka. Wahakiki humtambua kwa lahaja ya Kimvita, kwa mizani na vina, na kwa matukio ya Mombasa ya wakati wake.

Vilevile, Abdilatif Abdalla aliandika mashairi ya Sauti ya Dhiki (1973) kwa siri kwenye karatasi za chooni, akiwa kifungoni kati ya 1969 na 1972. Karatasi zile zina thamani kwa sababu ya mazingira zilimoandikwa. Programu inaweza kuiga umbo la herufi. Mazingira hayo haina.

Mafunzo kwa mwalimu

Kwanza, unadhifu na upekee wa hati si ushahidi tosha wa utunzi. Ushahidi umo katika rasimu. Programu hupewa maneno yote kabla kalamu haijaanza kusogea. Mwanafunzi hutafuta maneno huku akiandika. Akifuta "alikufa" na kuandika "aliaga dunia", ufutaji huo unaonyesha kuwa ameteua tasifida. Mwalimu na adai rasimu, kisha amwulize mwanafunzi kwa nini alibadilisha neno hilo. Swali hilo linamfaa hata yule aliyenakili kazi ya mwenzake kwa mkono wake mwenyewe.

Pili, chombo hiki kinaweza kutusaidia kujichunguza. Chukua jibu moja la fasihi, ulitoe kwa miandiko miwili, mmoja nadhifu na mwingine wa ovyo ingawa unasomeka. Wape walimu wa idara wasahihishe bila kujua kuwa ni jibu moja. Alama zikitofautiana, tofauti hiyo haiwezi kutokana na hoja, kwa sababu hoja ni zile zile. Idara ikilifanya zoezi hili mara kadhaa kwa majibu mbalimbali, itajua iwapo inatuza hati badala ya uhakiki.

Hitimisho

Mtahiniwa wa karatasi ya tatu ya KCSE huandika kwa mkono mbele ya msimamizi, na hapo mwandiko ungali una uzito wake. Katika kazi za ziada, dhamana hiyo imetoweka. Ni jukumu letu kumfundisha mwanafunzi kuutetea uteuzi wake wa maneno, kwani huo ndio utunzi wenyewe.