Gari la Baba Juu ya Meza

Marehemu baba yangu alikuwa dereva wa Chevrolet Bel Air ya mwaka 1957, lile gari la Kimarekani lenye mapezi nyuma kama papa. Mwaka jana mpwa wangu aliniletea kutoka Marekani sanduku la vipande vya plastiki vya kuundia gari hilo, kwa kipimo cha 1 kwa 25. Gari la mita 5 likawa la sentimita 20, haba ya shibiri!

Msomaji, usidhani huu ni mchezo wa watoto. Kila kipande hukatwa, kikapigwa msasa, kikapakwa rangi, kikangojewa kikauke. Tangu 1958, kampuni ya AMT ya Michigan iliuza masanduku ambayo gari moja laundika kwa namna tatu: la kawaida, la mapambo au la mashindano. Mimi nilitaka la kawaida, kama la baba.

Mwishoni nikafanya pupa. Kioo nikakibandika kwa gundi iyeyushayo plastiki, badala ya gundi nyeupe ya mbao. Kikaingia ukungu! Nilipotaka kukitupa, mama akanizuia.

"Kiache, mwanangu. Cha babako kilikuwa vivyo hivyo, kwa vumbi la njia ya Malindi."