Dhahabu ya Ituri, Wanunuzi wa Kampala

Vikwazo vinavyolenga watu na kampuni mahususi si hukumu. Jina huandikwa kwenye orodha, mali iliyo benki huzuiliwa, na aliyeorodheshwa, akiwa mtu, hupigwa marufuku ya kusafiri. Hakuna kesi inayosikilizwa kwanza, na kuondoa jina kwenye orodha ni kazi ngumu kuliko kuliingiza. Ndiyo maana chombo hiki huweza kumgusa mtu miaka mingi kabla mahakama haijamfikia, na ndiyo maana pia hulalamikiwa.

Kwa vita vya Kongo mashariki, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilianza na silaha. Azimio 1493 la Julai 2003 lilikataza kuyapelekea silaha makundi ya Ituri na Kivu. Azimio 1533 la mwaka 2004 liliunda kamati ya vikwazo pamoja na kundi la wataalamu wa kufuatilia nyayo za silaha na fedha, na mwaka 2005 azimio 1596 likaongeza kuzuia mali na safari. Mateso ya raia yenyewe yalikuja kuwa sababu ya kuorodheshwa baadaye: kwanza, mwaka 2006, kutumikisha watoto vitani na mauaji, ubakaji na kuwafukuza makwao watoto, kisha mwaka 2008 ukatili wa namna hiyo dhidi ya wanawake pia.

Njia ya fedha iliwaleta wataalamu hao Kampala. Mongbwalu, mji wa dhahabu huko Ituri, ulishikwa na kundi la wanamgambo la FNI. Shirika la Human Rights Watch lilikadiria kwamba raia wasiopungua 2,000 waliuawa katika eneo hilo kati ya Juni 2002 na Septemba 2004. Dhahabu iliyochimbwa chini ya bunduki hizo ilivuka mpaka hadi Uganda, ikauzwa ng'ambo kwa karatasi safi. Tarehe 29 Machi 2007 kamati iliziorodhesha kampuni mbili za Kampala, Uganda Commercial Impex na Machanga, kwa kununua dhahabu kwa wafanyabiashara waliokuwa na uhusiano na wanamgambo wa Ituri.

Majina ya kampuni yaliingia kwenye orodha, lakini biashara haikufungwa. Ripoti za baadaye za wataalamu hao hao zilieleza kwamba wamiliki waliendelea kununua dhahabu. Dhahabu ni rahisi kuficha: kilo moja huingia mfukoni, na ikishayeyushwa haionyeshi tena ilikotoka. Serikali zinazotakiwa kutekeleza vikwazo nazo hufaidika na mauzo hayo. Nchini Uganda dhahabu imeipita kahawa kwa mapato ya mauzo ya nje.

Machi 2022 Marekani ilikiwekea vikwazo kiwanda cha African Gold Refinery cha Entebbe, kilichozinduliwa rasmi mwaka 2017, pamoja na mfanyabiashara wa Ubelgiji Alain Goetz. Vikwazo vya Marekani huuma kwa namna nyingine. Malipo ya dola hupitia benki za huko, kwa hiyo benki yoyote duniani huogopa kumgusa aliyeorodheshwa.

Mwenye panga hana hofu hiyo. Bosco Ntaganda aliorodheshwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2005, lakini kuanzia 2009 aliishi Goma waziwazi akiwa jenerali wa jeshi la serikali. Kilichomtoa ni ugomvi ndani ya M23, kundi la waasi alilohamia baadaye, uliomkimbiza hadi ubalozi wa Marekani mjini Kigali mwaka 2013. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu miaka 30 mwaka 2019. Joseph Kony wa kundi la waasi la LRA yuko kwenye orodha ya Marekani tangu 2008 na ya Umoja wa Mataifa tangu 2016, na hajakamatwa. Musa Baluku, kiongozi wa kundi la waasi la ADF, aliwekewa vikwazo na Marekani Desemba 2019, na mauaji ya wanavijiji wa Beni na Ituri yakaendelea. Mtu anayeishi msituni bila akaunti hana cha kuzuiliwa. Ukiyatazama hayo yote, vikwazo vinafaa zaidi dhidi ya mnunuzi, msafirishaji na mfadhili, na huko ndiko vinakotumiwa kwa uchache.

Waathirika wenyewe wamo humu humu mjini Kampala. Wakongo waliokimbia vita hupanga vyumba Nateete, Katwe na Nsambya, si mbali na Kololo na Kamwokya kulikokuwa na anwani za kampuni zile mbili. Uganda humruhusu mkimbizi kuishi Kampala akijitegemea. Msaada mwingi, hata hivyo, uko kwenye makazi ya wakimbizi kama Nakivale na Kyangwali. Vikwazo navyo havimpi mkimbizi kitu, kwa kuwa mali iliyozuiliwa hubaki ya mwenyewe na haigeuki fidia.

Fidia huja kwa njia ya mahakama. Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda kuilipa Kongo dola milioni 325 kwa vita vya 1998 hadi 2003: milioni 225 kwa madhara ya watu, 40 kwa mali, na 60 kwa maliasili, dhahabu ikiwemo. Malipo yalipangwa kwa awamu tano za kila mwaka za dola milioni 65, na hupokelewa na serikali ya Kinshasa, ambayo ndiyo yenye jukumu la kuwafikishia waathirika.